Malkia wa tenisi, akaunti tupu: kisa cha Althea Gibson

Tarehe 6 Julai 1957 pale Wimbledon, Malkia Elizabeth II alimkabidhi Althea Gibson sahani ya ubingwa baada ya kumpiga Darlene Hard 6-3, 6-2, na siku chache baadae New York ikamfanyia paredi Broadway, gari la wazi, watu wamejaa pande zote za barabara, vipande vya karatasi vinamwagwa toka maghorofani. Mwaka 1995 mwanamke huyo huyo yuko peke yake kwenye apatimenti East Orange, New Jersey, anampigia simu rafiki yake Uingereza kumwambia hana hela ya kodi wala ya dawa na anafikiria kujiua.

Nataka tukae na kisa hicho, kilichotokea katikati ya tarehe hizo mbili. Althea akitajwa utasikia mtu mweusi wa kwanza kufanya hiki, wa kwanza kufanya kile, na ni kweli yote na anastahili. Ila upande wa pesa huwa unapitwa haraka haraka, sentensi moja mwishoni kwamba alikufa maskini, basi. Mimi naona pale ndo kwenye kiini. Huyu mama alikutana na milango miwili iliyofungwa, wa kwanza wa rangi na wa pili wa pesa. Wa kwanza watu waliupigia kelele mpaka ukafunguka kidogo. Wa pili hakuna aliyeupigia kelele, sababu karibu kila mtu kwenye tenisi aliuona ni utaratibu wa kawaida, tena wa heshima.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 Silver, South Carolina, wazazi wake wakilima pamba kwenye shamba la watu kwa kugawana mavuno, na ile hali ngumu ya miaka ya 1930 ikawasukuma Harlem, New York. Mtaa waliokaa, wa 143, ulikuwa unafungwa magari yasipite ili watoto wacheze, na hapo ndo aliposhika mchezo wa padeli, raketi za mbao na uwanja mdogo, akiwa na miaka 12 ndo bingwa wa wanawake wa jiji zima. Shule alikuwa haendi. Baba yake alimfundisha ngumi, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa mtoto mgumu, mtoro, wa kulala kwenye treni usiku ili asirudi nyumbani kupigwa.

Aliyemwona ni mwanamuziki mmoja, Buddy Walker, akampa raketi. Afu majirani wakachanga hela wakamlipia uanachama na mafunzo kwenye klabu ya Cosmopolitan pale Harlem, kocha wake Fred Johnson, mtu wa mkono mmoja. Tukumbuke hilo neno kuchanga, litarudi mara nyingi kwenye maisha yake. Mwaka 1946 madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina na Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia, wakamchukua, mmoja anakaa kwake wakati wa masomo, mwingine majira ya joto wanazunguka kwenye mashindano. Dk. Eaton alikuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwake. Ukichukua huyo binti aliyeacha shule kabla hajafika mbali ukaona amemaliza sekondari 1949 akiwa na miaka karibu 22, afu akaenda chuo cha Florida A&M akamaliza 1953, unaona hao madaktari walifanya kazi gani. (Dk. Johnson ndo huyo huyo aliyekuja kumlea kimchezo Arthur Ashe, bingwa mweusi wa tenisi wa baadae.)

Kwenye chama cha weusi, American Tennis Association, alikuwa hashikiki, alichukua ubingwa wa taifa mara 10 mfululizo kuanzia 1947 mpaka 1956. Lakini hayo mashindano yalikuwa ya upande mmoja wa nchi. Ubingwa wenyewe unaohesabika duniani ulikuwa Forest Hills, New York, yani ubingwa wa Marekani ambao leo unaitwa US Open, chini ya chama cha wazungu, na hapa tupunguze mwendo kidogo.

Forest Hills hawakuwa na kanuni iliyoandikwa kwamba mweusi haruhusiwi. Hicho ndo kitu cha kukiangalia. Ili upate nafasi ilibidi uwe na matokeo mazuri kwenye mashindano ya nyasi ya kabla, na mashindano hayo yalifanyika kwenye klabu binafsi, na klabu binafsi wanaingia kwa mwaliko, na mwaliko hauji. Kwa hiyo kila mtu mikono yake misafi. Chama kinasema hatumzuii, alete matokeo tu. Klabu inasema sisi ni klabu binafsi, tunaalika tunaowataka. Na mchezaji anabaki nje bila mtu hata mmoja aliyemwambia hapana usoni. Ukikutana na mfumo wa aina hii huna hata pa kupeleka malalamiko, na naamini kabisa ulipangika hivyo kwa sababu hiyo.

Aliyeuvunja ni Alice Marble, mzungu, bingwa wa zamani wa Wimbledon na bingwa mara 4 wa Marekani. Julai 1950 aliandika kwenye jarida la American Lawn Tennis, na hakuzungukazunguka. Alisema kama tenisi ni mchezo wa mabibi na mabwana basi umefika wakati wafanye kama watu waungwana na waache unafiki wa kujifanya watakatifu, na kwamba kama Althea ni changamoto kwa wachezaji waliopo basi haki ni wakutane naye uwanjani. Hakusema Althea ni bora kuliko wote, alisema hajui, na njia ya kujua ni kumwacha acheze. Hiyo ndo ilikuwa nguvu yake, sababu hoja ya namna hiyo huwezi kuijibu bila kujivua nguo. Klabu moja ya New Jersey, Orange Lawn, ikamwalika, na Agosti ile ile akawa Forest Hills, mchezaji mweusi wa kwanza kwenye ubingwa wa taifa.

Raundi ya kwanza akampiga Barbara Knapp wa Uingereza 6-2, 6-2. Raundi ya pili akakutana na Louise Brough, ambaye wakati huo ametoka kuchukua Wimbledon mara tatu mfululizo. Seti ya kwanza Althea akafa 6-1, presha ilikuwa kubwa, kuna watu jukwaani walikuwa wanamtukana waziwazi. Ya pili akachukua 6-3. Ya tatu akawa mbele 7-6, Brough amechoka kabisa, na hapo dhoruba ikaja, radi ikapiga moja ya sanamu za tai zilizokuwa juu ya uwanja ikaanguka chini, mechi ikasimamishwa. Kesho yake waliporudi Brough alikuwa amepumzika na Althea kakesha na mawazo, ikaisha 9-7 kwa dakika chache tu. Alipoteza, ila hakuna aliyeondoka pale akiwa bado anauliza kama anastahili.

Sasa baada ya hapo wengi wanaruka moja kwa moja mpaka 1957, wakati miaka iliyofuata inafundisha zaidi. 1951 alicheza Wimbledon, mweusi wa kwanza, akatolewa raundi ya tatu. Afu miaka ikapita bila taji kubwa. Magazeti yakaanza kumwandika kama tumaini lililopotea. Akaenda kufundisha elimu ya viungo chuo cha Lincoln kule Jefferson City, Missouri, mshahara mdogo, na mwaka 1955 alikuwa amefikia kuomba kujiunga na jeshi, kikosi cha wanawake, aachane na tenisi jumla. Kwanini? Sababu alikuwa na miaka 27, bado anaishi kwa fadhila za watu, na mchezo anaoujua kuliko kitu chochote hauruhusiwi kumlipa.

Hapa inabidi kueleza tenisi ya ridhaa, yani ya kucheza bila kulipwa, ilikuwaje, maana vijana wa sasa wanaona hundi za mabilioni wanadhani ilikuwa hivo siku zote. Kabla ya 1968 mashindano yote makubwa, Wimbledon, Ufaransa, Marekani, Australia, yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu. Bingwa anapewa kombe na makofi. Unaweza kulipiwa nauli na posho ya kujikimu, basi. Ukipokea hela ya kucheza, au ukifundisha tenisi kwa malipo, hadhi ya ridhaa imeondoka na huruhusiwi kurudi. Tiketi zinauzwa, uwanja unajaa, klabu inapata, ila anayetoka jasho ndo pekee asiyelipwa. Waliipamba kwa kusema ni kulinda usafi wa mchezo. Kwa mtoto wa familia yenye mali hakuna shida, baba analipa, mume analipa, anacheza akimaliza anarudi kwenye nyumba yake. Kwa mtoto wa mkulima wa pamba ni adhabu. Na kwa wanaume angalau ulikuwepo mzunguko wa kulipwa, Jack Kramer na Pancho Gonzales walikula huko, wakati kwa wanawake mzunguko huo ulikuwa wa kuibuka na kupotea.

Kilichomwokoa ni ziara. Mwisho wa 1955 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimpeleka Asia na wenzake watatu, Karol Fageros, Ham Richardson na Bob Perry, kucheza mechi za urafiki Burma, India, Pakistan, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Thailand. Wizara haikumchagua kwa bahati, mwaka ule ule kijana mweusi Emmett Till alikuwa ameuawa na wazungu Mississippi na dunia nzima inaitazama Marekani, kwa hiyo mwanamke mweusi mwenye raketi alikuwa na kazi ya kuwasafishia sura. Walimtumia, tuseme wazi. Lakini na yeye aliitumia, sababu kwa mara ya kwanza alicheza mfululizo miezi kadhaa bila kuwaza atakula nini, na kocha wake Sydney Llewellyn alikuwa ameshambadilisha namna ya kushika raketi. Akarudi mtu mwingine. Urefu wake karibu sentimita 180, sevu nzito, anapanda wavuni kumaliza, wapinzani walikuwa hawana pa kupitisha mpira.

Mei 1956 akachukua Ufaransa kwa kumpiga Angela Mortimer 6-0, 12-10, mweusi wa kwanza kushinda taji kubwa la tenisi. Kule kule akachukua la wawili na Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi, kila mmoja wao alikuwa hana wa kucheza naye, wakaungana, na baadae kidogo wakachukua na Wimbledon ya wawili. Shikilia jina la Buxton. 1957 akachukua Wimbledon na Forest Hills, Forest Hills akimpiga Louise Brough yule yule. 1958 akarudia vyote viwili. Ukijumlisha ni mataji makubwa 11, ya mmoja mmoja 5, ya wawili wanawake 5 na la mchanganyiko 1. Shirika la habari la AP lilimtaja mwanamichezo bora wa kike miaka yote miwili, na akawa kwenye jalada la jarida la Time.

Kupeana mkono na Malkia wa Uingereza, alisema mwenyewe, ni mbali sana na kulazimishwa kukaa sehemu ya weusi kwenye basi la Wilmington. Ila hakukuwa mbali kama paredi ilivyofanya ionekane, maana muda mfupi baadae alienda Illinois kucheza ubingwa wa viwanja vya udongo, na hoteli za karibu na uwanja zikamkatalia chumba. Bingwa wa Wimbledon! Akacheza akashinda hivyo hivyo.

Mwisho wa 1958, akiwa namba moja duniani, alitangaza kuacha tenisi ya ridhaa. Maelezo yake yalikuwa ya wazi mpaka yanauma, kwamba umalkia wa tenisi ni kitu kizuri ila taji haliliwi, mwenye nyumba na mwenye duka na mtu wa kodi ya mapato wote wanataka hela mkononi, na yeye anatawala juu ya akaunti tupu ya benki. Alikuwa na miaka 31. Hebu fikiria mchezaji bora wa dunia katika kilele chake anaondoka kwa sababu hana hela ya kumwezesha kuendelea kushinda. Mimi kila nikifika hapa nakasirika upya.

Swali la kisa hiki ni hili, kwanini alipotoka hakupata? Wapo wanaosema alipanga vibaya, na kuna kaukweli kidogo. Msimu wa 1959 hadi 1960 alizunguka na Harlem Globetrotters, yeye na Fageros wanacheza tenisi kabla ya mechi ya mpira wa kikapu, hapo alilipwa vizuri. Afu akaweka hela yake kwenye ziara yake mwenyewe, ikala hasara, akabaki na madeni. Alitoa albamu, sauti alikuwa nayo kweli, haikuuza. Aliigiza kwenye filamu ya The Horse Soldiers ya John Ford, kama mtumwa, akagoma kuongea ile lahaja ya kudhalilisha iliyoandikwa kwenye skripti mpaka wakabadilisha. Alifanya kazi ya kutangaza mikate ya kampuni. Yani alijaribu kila kitu, huyu si mtu aliyekaa kusubiri.

Lakini angalia mabingwa wazungu wa wakati wake waliishi na nini baada ya kustaafu. Ukocha kwenye klabu za matajiri, raketi zenye jina lao, mialiko ya maonyesho, wanafunzi wanaolipa vizuri. Karibu yote hayo yako ndani ya zile zile klabu binafsi ambazo miaka michache nyuma zilikuwa hazimpi mwaliko wa kucheza. Zilimwachia uwanja siku ya mashindano, hazikumwachia ofisi wala kazi. Yeye mwenyewe aliandika baadae kwamba aliona wachezaji wazungu, wengine aliowachapa uwanjani, wanapokea ofa, na hapo ndo akaelewa kwamba ushindi wake haukuwa umevunja ubaguzi moja kwa moja kama alivyotarajia. Kwa hiyo ile milango miwili niliyoisema, ukiiangalia vizuri ilikuwa na komeo moja. Kanuni ya ridhaa ilimnyima hela alipokuwa anacheza, na rangi ikamnyima alipoacha. Mzungu maskini alipigwa na ya kwanza tu, mweusi mwenye mali angepigwa na ya pili tu, yeye alipigwa na zote, akiwa mwanamke juu yake.

1964 akaingia gofu, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye mzunguko wa LPGA, chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake Marekani, anaelekea miaka 37. Sehemu nyingine alikatazwa kuingia jengo la klabu, akawa anabadilisha viatu kwenye gari. Hakuwahi kushinda shindano, karibu zaidi ni 1970 alipofungana kwenye nafasi ya pili, na mapato yake yote ya gofu hayakufika dola 25,000. Wakati huo huo, 1968, tenisi ikafunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa, Wimbledon ile ikampa Billie Jean King pauni 750 (Rod Laver kwa wanaume akapata 2,000, hiyo nayo ni kesi nyingine). Althea alikuwa na miaka 40. Alijaribu kurudi, miguu ikawa imeshakataa. Miaka 10 tu imemkosesha.

Kuna lawama nyingine alibebeshwa, na hii ilitoka kwa watu wake. Magazeti ya weusi yalimsema kwamba hajitoi kwenye mapambano, anajiona, hataki kuwa sauti ya rangi yake. Alijibu kwamba yeye anacheza kama Althea Gibson, hana bango analobeba. Mimi hapa niko upande wake japo naelewa waliokasirika. Mtu ambaye nauli yake inatoka kwa wafadhili, posho yake inatoka chama cha wazungu na ziara yake inalipwa na serikali, unamtaka aongee kwa uhuru gani? Na bado pale alipokuwa na uamuzi mikononi mwake, kama ule wa filamu, hakuinama. Katikati ya miaka ya 1970 aliteuliwa kamishna wa michezo wa jimbo la New Jersey, na alipoona amepewa cheo bila mamlaka wala bajeti ya maana, aliachia ngazi baada ya kama mwaka mmoja. Mwenye njaa asiyekubali cheo cha pambo, huyo huwezi kumwita mtu aliyejiuza.

Miaka ya mwisho wa 1980 ilimpiga, damu ikavuja kwenye ubongo, na 1992 akapata kiharusi. Matibabu yakamaliza kidogo alichokuwa nacho. Alijifungia ndani, hataki kuonwa. Na hapo ndo ile simu ya 1995, kwa Angela Buxton. Buxton alimlipia kodi na dawa, akafanya na kitu cha pili ambacho naona kilikuwa cha akili zaidi, akahakikisha barua inachapishwa kwenye jarida la tenisi, bila Althea kujua mwanzoni, kueleza hali halisi. Bahasha zikaanza kuja kutoka nchi mbalimbali, zimejaa noti na hundi, jumla inatajwa kuwa karibu dola milioni 1. Majirani wa Harlem walichanga 1940, dunia ikachanga 1995. Upendo ule ni mkubwa na sitaki kuudharau hata kidogo. Ila katikati hapo kuna vyama, klabu na mashindano yaliyouza tiketi kwa jina lake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na wajibu wa kumpa senti, kwa maandishi.

Alikufa tarehe 28 Septemba 2003 pale East Orange akiwa na miaka 76, na akaishi kuona Serena Williams akichukua US Open 1999, mwanamke mweusi wa kwanza tangu yeye 1958, na Venus akichukua Wimbledon 2000. Miaka 41 katikati. Watu huwa wanauliza kwanini pengo lilikuwa refu vile kama njia ilishafunguliwa, na mimi nadhani jibu liko kwenye kisa chenyewe: mzazi wa Harlem miaka ya 1960 akimtazama Althea alimwona bingwa wa dunia anayebadilisha viatu kwenye gari na kutangaza mikate, sasa angempeleka mwanae kwenye mchezo ule kwa hesabu gani? Sanamu yake iliwekwa pale New York kwenye uwanja wa US Open mwaka 2019, na 2025 Marekani ikatoa sarafu ya senti 25 yenye picha yake. Na siku sanamu ile inazinduliwa, mashindano ya nyuma yake yalikuwa yanamlipa bingwa wa kike sawa na wa kiume tangu 1973, jambo lililopatikana kwa Billie Jean King na wenzake kukataa kucheza kwa malipo madogo kuliko ya wanaume.